Msinioneshe bango tu, nileteeni na daftari: niliyoyasema Arua siku ya tuzo za wanafunzi wa bayolojia

(Haya ni maneno niliyoongea Arua, huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwenye sherehe ya kuwapa tuzo wanafunzi wa digrii ya kwanza waliofanya utafiti wa bayolojia. Watu wameniomba niandike, basi nimeandika vile yalivyotoka mdomoni, msitafute nukta na mkato.)

Wazee wetu, wazazi, walimu, wanafunzi, na nyie wa huko nyuma mlioingia kwa sababu mmesikia harufu ya nyama, karibuni nyote, awadifo, yaani asanteni kwa Kilugbara. Nimeambiwa niongee Kiswahili na nimefurahi, kwa sababu humu ndani kuna Mlugbara, kuna Mkakwa, kuna Mmadi, kuna Mnubi, kuna vijana wetu wa Sudani Kusini na Kongo waliotoka Rhino Camp, kwenye makazi ya wakimbizi, asubuhi na mapema, na wote hawa wakienda sokoni wanapatana bei kwa Kiswahili bila mkalimani, sasa sioni kwa nini mbu na kunde tusiviongelee hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa mmoja wa majaji. Majina ya washindi ninayo hapa mfukoni lakini MC amenikataza kuyagusa, kwa hiyo nitaongea kuhusu jambo lingine, jambo ambalo tulibishana nalo majaji mpaka chai ikapoa.

Ile fomu yetu ya kutoa alama ina alama za bango la kuonyesha utafiti, alama za kuongea mbele ya watu, alama za kujibu maswali, mpaka alama za mavazi nadhifu zimo, jamani, mavazi! Daftari halimo. Nasema lile daftari la uwanjani, lile ambalo mwanafunzi anatembea nalo kila siku, anaandika tarehe na saa, mvua imenyesha au haijanyesha, ameona nini, amehesabu ngapi, nini kimeharibika. Kitu amelala nacho kitandani miezi yote ya utafiti hakina hata alama moja, halafu bango ambalo amelichapisha jana jioni kwa jamaa wa flexi pale mjini ndilo linampa ushindi. Mimi nikasema hapana, kabla sijampa mtu alama nataka kuona daftari lake. Wengine walileta mbio. Wengine wakaanza kuniambia liko kwenye laptopu, na laptopu iko kwa mjomba, na mjomba yuko Koboko, eeh, sawa.

Sasa niwaambie kuhusu daftari moja, mwenyewe yuko humu na simtaji jina maana ataona aibu. Huyu binti alikuwa anachunguza maji yanayokaa kwenye matairi mabovu kule magereji, na maji ya mitaro ya mjini, anataka kujua mbu gani anataga wapi. Mtu anaweza kusema hilo liko vitabuni, na kweli liko, vitabu vinasema Anofelesi anayeleta malaria anapenda maji masafi kidogo yanayopigwa jua, Kuleksi hana shida na mtaro unaonuka, Aedesi yeye ni mpangaji wa matairi na mitungi na makopo. Ila kitabu hakijafika kwenye gereji ya huyo fundi. Binti aliandika kwa penseli, kwa sababu wino ukiguswa na maji kazi imekwisha, na pembeni mwa ukurasa amechora mabuu. Moja limelala sambamba na uso wa maji, hilo ni la Anofelesi, halina mrija. Lingine linaning'inia kichwa chini, mrija wake wa kupumulia umegusa juu, hao ni kina Kuleksi na Aedesi. Michoro yenyewe haipendezi, mkono ulikuwa unatetemeka, ila ukiitazama unajua kabisa huyu mtu alipiga magoti kwenye matope akaangalia kwa macho yake, hakuitoa gugo.

Nikafungua mbele. Kuna ukurasa umeandikwa kwa haraka, una alama ya kidole cheusi, anasema fundi amemwaga oili chafu kwenye matairi yote ya upande wa ukuta na mabuu yamekufa, na kwamba alipomuuliza fundi akasema mbu wanamng'ata jioni akifunga kazi. Na chini yake saa imeandikwa, na matairi yaliyoguswa yameandikwa yapi, na yaliyobaki yapi. Basi.

Nikaenda kuangalia bango lake, ile wiki ya oili haipo! Grafu imenyooka vizuri, inapanda, inashuka, kama hakuna oili iliyowahi kumwagwa duniani. Kumuuliza, anasema aliambiwa aiondoe maana inaharibu picha. Nani alimwambia sitasema, na wala hayupo hapa. Jaji mwenzangu naye akaunga mkono, eti ile wiki ni takataka, itoke tu. Hapo ndipo chai ilipopoa. Mimi nikamwambia bwana wewe, buu la mbu linavuta hewa juu ya maji, mafuta yakitanda pale juu linakosa hewa linakufa, na watu walikuwa wanamwagia mabwawa mafuta kuua mbu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa hiyo huyu fundi wa gereji bila kuombwa na mtu amemfanyia binti jaribio zima, matairi yenye oili upande huu, yasiyo na oili upande ule, na binti ameliandika lote. Hiyo ndiyo wiki tamu kuliko zote kwenye kazi yake na ndiyo imefichwa! Mwanafunzi akishafundishwa kuficha wiki moja akiwa na miaka 21, akifika kwenye PhD ataficha mwaka.

Naongea kwa ukali kidogo, mnisamehe, nimekaa maabara muda mrefu.

Haya, hebu niwapeleke mbali, Marekani, chuo cha Columbia pale New York, mwaka 1911. Kulikuwa na profesa anaitwa Thomas Hunt Morgan, ana kachumba kadogo kamejaa chupa za maziwa, ndani ya chupa kuna ndizi mbivu na vile vinzi vidogo ambavyo kila mama humu anavijua, ukiacha ndizi mezani siku mbili vimefika. Alikuwa anavizalisha ili ajue urithi unaendaje kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Kwenye hicho chumba kulikuwa na kijana anaitwa Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa digrii ya kwanza, hajafika hata miaka 21, mtoto wa shamba kutoka Alabama, na macho yake hayatofautishi rangi vizuri, fikiria mtu wa hivyo anafanya kazi ya kutazama rangi za macho ya nzi. Alimfikia Morgan kwa sababu alikaa akaandika kuhusu rangi za farasi wa baba yake, nani kazaa nani na kwa rangi gani, akampelekea profesa, profesa akasema hii ichapishe, na akampa meza.

Siku moja wanaongea na Morgan kuhusu jeni, vile vipande vya urithi, zilizo kwenye kromosomu moja, yaani uzi mmoja unaozibeba ndani ya seli, kwamba nyingine zinarithiwa pamoja karibu kila mara na nyingine zinaachana. Ni kama watu wawili wanaopita soko la Arua siku limejaa, walioshikana mikono watatokea upande wa pili pamoja, walioachana hatua ishirini kila mmoja atatokea kwa njia yake. Kijana akawaza, kumbe ukihesabu mara ngapi zinaachana unaweza kujua ziko mbali kiasi gani, na ukijua umbali unaweza kuzipanga kwa mstari. Akachukua hesabu za nzi akaenda nazo nyumbani, usiku ule homuweki za chuo hakuzigusa, na yeye mwenyewe alikuja kusema hivyo baadaye, asubuhi akawa na ramani ya kwanza ya jeni kwenye kromosomu. Ya kwanza duniani. Ilichapishwa 1913 na mpaka leo kila anayesoma jenetiki anapitia hapo.

Kinachonigusa mimi ni kwamba zile hesabu zilikuwa tayari zimo kwenye makaratasi. Nzi wenyewe walishahesabiwa, watu walishaandika, wangapi macho mekundu, wangapi meupe, wangapi mabawa mafupi. Kama kuna mtu alikuwa amefuta zile zisizopendeza ili grafu inyooke, kijana angekaa na nini ule usiku? Na mwenzake Calvin Bridges, naye mwanafunzi, aliajiriwa kuosha zile chupa, kuosha tu, akaona kupitia kioo kinene cha chupa nzi mwenye macho ya rangi ambayo wengine hawakuiona, Morgan akamtoa kwenye kuosha akamweka kwenye utafiti. Morgan alipopata tuzo ya Nobel mwaka 1933 zile pesa aligawana, watoto wake na watoto wa Bridges na watoto wa Sturtevant, wasomeshwe nazo. Walimu mlioko mbele hapa nawaona mnaangalia saa, sawa, naendelea.

Turudi nyumbani. Mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, pale karibu na Entebbe, watafiti wa ile taasisi ambayo leo tunaiita Uganda Virus Research Institute walikuwa wanatafuta homa ya manjano. Wameweka nyani kwenye vizimba juu ya miti ili wang'atwe na mbu, kila siku wanapima joto lao wanaandika. Nyani mmoja, yule wa namba 766, akapanda homa, damu yake ikachukuliwa, kumbe siyo homa ya manjano, ni kirusi kingine kabisa, kikapewa jina la msitu, Zika. Mwaka uliofuata wakakikuta kwenye mbu wa msitu ule ule. Wakaandika, wakachapisha 1952, na dunia ikasema haya asante, ikaendelea na mambo yake. Miaka sitini na zaidi. Halafu 2015 kirusi kile kile kiko Brazil, watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura, na kila mwanasayansi duniani akaanza kutafuta nani aliandika nini kule Entebbe mwaka 1947. Mtu mwenye fomu kama ile yetu angempa yule wa nyani namba 766 alama ngapi? Alitafuta homa ya manjano hakuipata, amefeli, next.

Na sisi watu wa huku tunalo la kwetu. 1937 mama mmoja wa hapa West Nile alikuwa na homa, akatolewa damu, kikapatikana kirusi, kikapewa jina la West Nile. Mwaka 1999 kikafika New York, ndege wanaanguka, watu wanalazwa, na mpaka leo Wamarekani wanasema jina la sehemu yetu kila msimu wa mbu bila kujua iko upande gani wa ramani. Yule mama hakuna anayemjua kwa jina. Na wale vijana waliokuwa wanakaa juu ya majukwaa msituni mchana na usiku wakikamata mbu wanaokuja kuwang'ata, majina yao ukiyatafuta utachoka. Hili linanipeleka kwenye vyeti vya leo. Mimi nimeomba, na nitaendelea kuomba, kwamba cheti cha mwanafunzi kiandikwe na jina la fundi wa maabara aliyemfundisha kushika hadubini, na kama kuna mkulima au mvuvi au fundi wa gereji aliyekubali kusumbuliwa kila asubuhi basi naye aitwe aje ale hapa. Gharama yake ni wino tu. Na upande wa pili, jamani walimu, takwimu za mwanafunzi zikiingia kwenye pepa yako na jina lake liingie. Siyo kwenye shukrani kule chini kwa herufi za chungu, juu, kwenye majina. Nimeona mahali fulani kijana alikusanya samaki mwaka mzima halafu akakutana na kazi yake kwenye jarida ina majina ya watu watano na yeye hayumo, hakulalamika, alikuwa anaogopa kutopewa marksi. Tuzo ya namna hii ingekuwa na kazi ingemlinda huyo.

Mtaniambia sisi hatuna vifaa. Ni kweli, hadubini zetu nyingine zinahitaji kupigwa kibao ndiyo zione. Lakini angalieni vile vitambaa vya buluu vilivyochomekwa pembeni ya mito yetu hapa Arua, Maracha, Koboko, vilianza kuja 2011, vile ni vya mbung'o wa malale. Zamani mitego ilikuwa mikubwa, ya gharama, kuibeba ni shughuli. Watu wakauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa tatu angeweza kuliuliza, je, mbung'o wa mtoni anahitaji kitambaa kikubwa kiasi gani ili aje? Wakapunguza, wakapunguza, kumbe hata kipande cha robo mita kwa nusu mita chenye dawa kinatosha. Uganda ndiyo nchi peke yake yenye aina zote mbili za malale, ile ya kwetu huku na ile ya kusini mashariki, na 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba ile ya kwetu siyo tena tatizo kubwa la afya ya umma. Vitambaa siyo sababu pekee, kulikuwa na kupima watu na kutibu, lakini vimo. Swali la udogo wa kitambaa! Kwa hiyo anayeniambia hakuna la kutafiti West Nile kwa sababu hatuna mashine ya jeni mimi namwambia aende mtoni.

Sasa pesa, hapa ndipo kila mtu anaamka. Leo mshindi atapewa bahasha, vizuri, makofi. Lakini hiyo bahasha inakuja wakati utafiti umeisha, deni la boda limeshakua, mama ameshauza mbuzi. Na kuna wengine hawapo humu kabisa kwa sababu walikuwa na swali zuri ila nauli ya kwenda Yumbe mara kwa mara haikuwepo, wakaishia kuhesabu majani ya mti ulioko nje ya hosteli. Sisemi majani ya hosteli ni mabaya. Nasema tuzo zetu zinampata aliyekuwa na pesa ya kuanzia halafu tunampongeza kwa kipaji.

Wenzetu wamelifikiria hili. Kuna chama cha wanafunzi wa bayolojia Marekani kinaitwa Beta Beta Beta, watu wanakiita TriBeta, kilianzishwa 1922 na mwalimu anaitwa Frank Brooks kwenye chuo cha Oklahoma City, mwaka ule ule Makerere ilipoanza, na ni kwa ajili ya wanafunzi wa digrii ya kwanza hasa. Wanayo tuzo ya anayewasilisha kwa mdomo, imepewa jina la huyo Brooks, na tuzo ya mabango peke yake, na jarida lao BIOS wanafunzi wanachapisha humo. Mpaka hapo ni kama sisi tukiwa na hela. Ila wanatoa pia ruzuku ndogo ndogo za utafiti kabla kazi haijafanyika, mwanafunzi anaandika anataka kufanya nini, inasomwa, anapewa. Hiyo ndiyo ninayoitaka mimi. Chukueni nusu ya bahasha ya leo, igawanywe Septemba kwa watu wenye swali, nauli, penseli, vikombe vya kuchotea maji, gambuti. Hata asiposhinda mwisho wa mwaka ametembea na kufanya kazi.

Najua kuna mtu atauliza, je akila hela asifanye? Wachache watakula. Atakayefanya ataleta daftari na tutaliona, maana daftari la uongo linajulikana, wino ni ule ule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mwandiko umetulia kama wa barua ya posa, mvua haijanyesha hata siku moja na hakuna mbu aliyebanwa katikati ya kurasa. Mwaka huu tumeliona moja la hivyo. Mwenyewe anajua.

Nimeongea na mwenyekiti wa kamati kabla ya kupanda hapa. La daftari amekubali, fomu ya mwaka ujao mavazi yanatoka na daftari linaingia na litakuwa na alama nyingi kuliko bango, na majaji watapewa muda wa kulisoma siyo kulipeperusha. La majina ya mafundi wa maabara kwenye vyeti amekubali pia, vya leo vimeshachapwa lakini mafundi wawili wako pale mlangoni wamesimama, hebu wapeni viti kwanza. La pesa ya mwanzo bado anakuna kichwa, mkutane naye kwenye foleni ya chakula mmkumbushe, kwa upole. Na yule binti wa matairi, nimemwomba airudishe ile wiki kwenye grafu kabla hajakabidhi kazi yake, amesema atairudisha, na fundi wa gereji amekuja, ni yule pale mwenye shati la drafti.

MC, njoo uchukue karatasi yako.